Rangi za Mgunda Mkali

*Zaidi ya miaka 160 iliyopita, askari wa Kiskoti mwenye jeraha la mkono aliichora Unyamwezi kwa rangi za maji. Michoro iko Edinburgh. Nchi aliyoichora iko Tabora, na sura yake inabadilika upesi.*

Mwishoni mwa Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, miyombo ya upande wa Itetemia huanza kutoa majani mapya. Si ya kijani. Ni mekundu ya shaba, mengine yanaelekea zambarau, na jua la saa kumi likipita katikati yake pori zima huwaka. Chini ardhi ni mchanga mweupe, mawe makubwa yamejitokeza hapa na pale, na vumbi la bodaboda limetanda juu ya njia ya kwenda Kwihara. Mgeni aliyeambiwa kwamba kiangazi cha Tabora ni ukavu na vumbi tupu huishia kutazama mara mbili.

Sasa jaribu kuitafuta rangi hiyo katika picha ya kale. Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vina michoro iliyochongwa kwenye ubao na kupigwa chapa kwa wino mweusi. Picha za mnato za enzi ya Mjerumani ni nyeusi na nyeupe. Mwanafunzi wa Tabora anayetaka kujua nchi ya babu wa babu yake ilionekanaje hukua akidhani zamani haikuwa na rangi.

Ilikuwa nazo, na kuna mtu aliyezichora. Albamu ya James Augustus Grant, aliyevuka nchi hii kwa miguu katika safari yake ya mwaka 1860 hadi 1863, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh. Hoja ya makala haya ni moja: je, Tabora inazihitaji picha hizo? Na kama inazihitaji, zitundikwe wapi na maelezo yake aandike nani?

Kamera iliyoshindwa na joto

Grant alizaliwa Nairn, kaskazini mwa Scotland, mwaka 1827. Alikuwa askari wa jeshi la Kiingereza kule India, na katika mapigano ya Lucknow mwaka 1857 alijeruhiwa mkono. Miaka mitatu baadaye John Hanning Speke, aliyekuwa amekwisha kuliona ziwa tunaloliita leo Victoria, alimchukua kama msaidizi katika safari ya kwenda kuthibitisha chanzo cha Mto Nile.

Kazi aliyopewa mwanzoni haikuwa ya kuchora, ilikuwa ya kupiga picha. Alifika Zanzibar na kamera, na mwaka 1860 akapiga picha kadhaa. Lakini kamera ya siku zile haikuwa ya kubonyeza na kuondoka. Kioo kilipakwa dawa na kusafishwa hapo hapo, kikiwa bado kibichi, ndani ya hema lililozibwa mwanga usiingie. Piga hesabu ya hema la namna hiyo, jua la utosi, pwani ya Oktoba. Speke aliona mwenzake atakufa humo, akasimamisha kazi hiyo. Grant akashika brashi.

Nadhani hiyo ni bahati yetu. Kamera ya mwaka 1860 ingetuletea Unyamwezi ya kijivu. Brashi ilikuwa na njano ya nyasi za Julai, nyekundu ya udongo wa kichuguu na buluu ya kaniki.

Pori la terekeza

Kabla ya kufika Unyanyembe, utemi wa eneo la Tabora, ilibidi msafara uvuke Mgunda Mkali. Wasafiri wa Ulaya waliandika habari zake kwa lugha waliyoitumia kwa majangwa, ingawa si jangwa la mchanga. Ni pori kavu lililotenga Ugogo na Unyamwezi: vichaka vilivyosongamana kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, mbuga zinazopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka tope wakati wa masika, na visima vya kuhesabu. Abiria wa reli ya kati anaweza kulipitia bila kujua: Itigi, Kitaraka, Kazikazi, Tura, Malongwe, Nyahua, Goweko. Majina hayo, kwake, ni ya vituo vya kununulia karanga na asali.

Kwa mpagazi Mnyamwezi palikuwa mahali pa terekeza. Msafara ulikunywa maji na kula mchana, ukaondoka jua likiwa bado kali, ukatembea hadi usiku, ukalala pasipo maji, kisha ukaamka alfajiri na kuyafikia maji ya mbele kabla ya jua kupanda tena. Vibuyu vilibebwa juu ya mizigo iliyokwisha kuwa mizito. Aliyechelewa nyuma alichelewa peke yake.

> Rangi za maji zinahitaji maji. Huyu alizichora katika nchi ambayo maji yalibebwa kwa vibuyu na kugawanywa.

Hapo ndipo ninapomvulia Grant kofia kidogo. Kikombe cha kuoshea brashi ni maji ambayo hayakunywewa na mtu. Na katika hewa kavu kiasi kile rangi hukauka karibu kabla mkono haujainuka; hakuna nafasi ya kusahihisha. Mchoraji hulazimika kuamua haraka: mstari wa kilima, kivuli cha mti, mtu aliyesimama, basi.

Hata hivyo, mwaka ule Mgunda Mkali uliwatesa kwa namna nyingine. Waliuvuka kuanzia Desemba 1860, wakakuta mvua, njaa na wapagazi waliotoroka kwa makundi. Mzigo wa Mzungu haukuwa na thamani ya kufia. Humo porini walikutana pia na Mnywasele, mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa amefukuzwa kwenye kiti chake.

Habari hiyo inatuleta Itetemia moja kwa moja. Msafiri Richard Burton, aliyefika Kaze, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857, aliutaja mji huo wa Mtemi Fundikira na kuuandika Ititenya. Fundikira alifariki mwaka 1858, Mnywasele akashika utawala, akataka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu. Mwaka 1860 walimpindua na kumweka Mkasiwa. Mnywasele akawa anapigana nao kutoka porini, na alimwomba Speke amsaidie kupata suluhu. Suluhu haikupatikana. Miaka mitano baadaye aliuawa.

Kwa hiyo mandhari ambayo Grant aliyatazama hayakuwa pori tupu la kupendeza macho. Yalikuwa uwanja wa vita vya watu wenye majina, wakigombania ni nani mwenye haki ya kutoza njia.

Miezi ya Ukuni

Januari 1861 msafara uliingia Kaze na kupokewa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi. Vita na uhaba wa wapagazi viliwakwamisha. Speke alihangaika huku na huko, na Grant akabaki na mizigo Ukuni, kaskazini mwa Unyanyembe, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba.

Wasomaji wengi wa habari za Nile huruka kurasa hizo. Hakuna ziwa, hakuna mfalme mkubwa, hakuna anayekufa. Mimi naona ndizo kurasa bora za kitabu chake, *A Walk Across Africa*, alichokichapisha mwaka 1864. Jina la kitabu lenyewe lilitokana na mzaha wa Waziri Mkuu Palmerston, aliyemwambia kwamba ametembea matembezi marefu. Mtu aliyekaa kijijini miezi mitatu na zaidi bila shughuli huanza kuona: wanawake wanavyosuka nywele, nafaka inavyopurwa, nani anamsalimu nani kwa kupiga magoti, ng'ombe wanarudi saa ngapi.

Huanza pia kuchuma majani. Mimea aliyoikusanya njiani ilichunguzwa baadaye na wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew, na kati ya mwaka 1872 na 1875 ikachapishwa na jumuiya ya Linnean ya London, pamoja na maelezo ya Grant kuhusu majina ya wenyeji na matumizi yao: huu dawa, huu kamba, huu hupikwa mboga. Swala granti wetu naye anabeba jina la mtu huyo. Kitu kimoja hakionekani sana katika orodha hizo: majina ya waliomfundisha. Mskoti hakujua mwenyewe kwamba gome la myombo hutoa kamba. Kuna mtu wa Unyamwezi aliyelimenya mbele yake akamwonyesha.

Septemba 1861 alipoanza safari kumfuata Speke, watu wa Mtemi Myonga waliuvamia msafara wake, wakapora mizigo na kuwatawanya wapagazi. Baadaye mguu wake uliota vidonda akalazwa Karagwe kwa Mtemi Rumanika, na hata alipomfikia Speke hakuwapo naye Julai 1862 Speke alipoyaona maporomoko ya Jinja, Nile inapotoka ziwani. Wanahistoria wa Ulaya humhesabu kama mtu wa pembeni aliyekosa tukio kubwa. Kwa Tabora mambo ni kinyume. Alikosa Jinja, sawa, lakini sisi alituona kwa muda mrefu zaidi.

Kilichofanyika London

Sasa tufike kwenye kiini cha ubishi. Watu wengi waliowahi kuona "michoro ya Grant" hawajaiona michoro ya Grant. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilitangaza kwamba picha zake nyingi zimetokana na kazi ya Kapteni Grant, lakini kabla ya kuchapwa zilipitia mikononi mwa Johann Baptist Zwecker, mchoraji wa Kijerumani aliyeishi London na kujulikana kwa kuchora wanyama. Kutoka kwake zikaenda kwa wachongaji wa ubao.

Zwecker alijua soko lake. Mnunuzi wa kitabu London alitaka mwendo, umati, misuli na macho yaliyotoka. Mojawapo ya picha zinazokumbukwa inamwonyesha Grant akicheza ngoma na Ukulima, mtemi mzee wa Unyamwezi. Mzungu yuko katikati, na kijiji kizima kimekuwa mapambo ya nyuma.

Albamu ni kitu kingine. Humo utakuta mtu mmoja amesimama, mti mmoja, paa, kilima, na pembeni maneno machache ya penseli. Grant hakuwa fundi mkubwa. Miguu ya watu wake mara nyingine imekaa vibaya. Lakini udhaifu huo ndio unaonifanya nimwamini kuliko Zwecker, aliyejua kuchora kila kitu isipokuwa alichokuwa hajakiona.

> Iliyosambaa duniani ni ngoma ya Zwecker. Ukimya wa Grant ulibaki kwenye jalada.

Hii haina maana kwamba Grant asafishwe. Maandishi yake yana dharau ya kawaida ya afisa wa enzi ya Victoria, na safari yenyewe iliandaa njia ya waliokuja na bendera. Anayekataa picha zake zisiwekwe Tabora ana hoja ya kusikilizwa.

"Tumechoka na Wazungu waliotugundua"

Hoja hiyo inasikika kila mambo ya urithi wa Tabora yanapotajwa, na ina msingi. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kuna tembe lenye milango ya nakshi, na kote linajulikana kama tembe la Livingstone. Kweli, alikaa hapo mwaka 1872; Stanley aliondoka Machi, naye akangoja wapagazi hadi Agosti. Nyumba inaonyesha ramani zake na nakala za barua zake. Mwarabu aliyekuwa na tembe, watumwa walioshikiliwa njiani, wapagazi waliongojewa miezi mitano kwa sababu bila wao hakuna safari: hao wanapata nafasi finyu.

Itetemia, kiti cha watemi wa Unyanyembe, haimo katika safari za watalii wengi. Mtemi Isike, aliyetawala kutoka miaka ya 1870 na kuilipua baruti yake Januari 1893 badala ya kutekwa na majeshi ya Kijerumani ya Tom von Prince, anajulikana zaidi kwa jina la mtaa kuliko kwa habari zake. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa waziri katika serikali ya Nyerere, alifariki mwaka 2007. Kuna watu wanaouliza, kwa haki kabisa: kabla ya kuleta picha za Mskoti, je, hayo yameandikwa kibaoni?

Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema sisi tulikuwa na wachoraji wetu. Hilo nalo ni kweli. Chama cha wafuga nyoka, Bayeye, kilichora kuta za ndani za nyumba zao za jando: nyoka, mizimu, watu wa nyota, kwa chokaa, mkaa na udongo mwekundu. Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi ya utafiti katika serikali ya Tanganyika, alizikusanya na kutoa kitabu mwaka 1953. Na mashariki ya njia hiyo hiyo, Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Lakini hoja hii ikisukumwa hadi mwisho inajikwaa. Bayeye hawakuchora mandhari. Waliochora Kondoa hawakuchora mandhari. Walichora yaliyokuwa na nguvu: mnyama, pepo, mtu. Pori lenyewe halikuwa kitu cha kutundika. Lilikuwa kitu cha kuvuka, kuwinda, kurina asali. Kwa hiyo ukitaka ushahidi wa mtemi na mzimu, mtafute Myeye. Ukitaka kujua mti ulisimama wapi, paa lilikuwa bapa au la msonge, shamba liliishia wapi, unalazimika kumwendea yule kapteni mwenye mkono mbovu. Sioni kwa nini tuchague mmoja.

Tumbaku, mabati na reli

Kuna haraka pia, kwa sababu nchi aliyoichora inapungua. Tabora imekuwa kwa muda mrefu kinara wa tumbaku nchini, na tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni. Kila bani lina hamu yake ya magogo, na magogo ni miyombo, mitundu, mininga. Mkulima si adui hapa. Ana ada za shule, ana mkopo wa pembejeo kwenye chama cha msingi, na hakuna aliyemwonyesha zao jingine linalolipa hivyo katika mchanga ule. Mrina asali anayeona mizinga yake ikikosa miti ya maua naye ana haki. Wote wawili ni wana wa kijiji kimoja.

Tembe nalo linaondoka. Paa bapa la udongo juu ya fito lilikuwa na akili yake: baridi mchana, joto usiku, na mahali pa kuanikia mahindi. Lakini linataka kukandikwa upya baada ya masika, na nguvu za vijana ziko mjini. Mabati hayataki kukandikwa. Mtu anayekaa kwenye nyumba ya matofali hawezi kuambiwa arudi kwenye tembe ili mgeni apate cha kupiga picha. Nami nisingekubali kuambiwa hivyo.

Njia ya misafara yenyewe iko kwenye makaratasi. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO, katika orodha ya mapendekezo, Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Soma orodha hiyo kwa utaratibu. Kutoka Kilimatinde unaruka moja kwa moja hadi Kwihara. Mgunda Mkali wote, pori la terekeza, kaburi la wapagazi wasiohesabika, ni nafasi tupu kati ya majina mawili. Orodha za urithi hupenda majengo, na pori halina mlango wa kufungua asubuhi.

Sasa reli ya kisasa inalikata pori hilo hilo. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, ulitiwa saini Desemba 2021. Reli ya Mjerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na kuufuta mwendo wa mguu. Hii mpya itafuta hata mwendo wa macho, kwa maana abiria atapita Kazikazi kabla hajamaliza soda.

Nakala, na maelezo ya chini ya picha

Kudai karatasi halisi kutoka Edinburgh ni vita ambavyo nisingeanza navyo. Grant alizichora mwenyewe. Hazikuporwa kwenye ikulu ya mtu. Na karatasi ya rangi za maji, katika chumba kisicho na kiyoyozi cha uhakika, itaharibika upesi. Nakala zinatosha, na hazina kikwazo kikubwa: mtu aliyefariki mwaka 1892 hakimiliki yake ilikwisha zamani. Kinachotakiwa ni barua kutoka kwa wanaohusika na mambo ya kale, fedha za uchapaji mzuri, na ukuta.

Ukuta wa kwanza ni Kwihara. Wa pili, kwa maoni yangu, uwe Itetemia, ili picha za nchi ya Unyanyembe zionekane mahali ilipotawaliwa, badala ya mahali mgeni alipolala tu. Wa tatu ni jengo la abiria la reli mpya, ambako wengi zaidi watapita.

Kazi ngumu ni maandishi ya chini ya picha. Yakiandikwa na mtafsiri wa kitabu cha Grant, tutapata tena "mwanamke wa Unyamwezi" na "mti wa porini". Wazee wa Itetemia wakialikwa wakae mbele ya nakala hizo kabla hazijatundikwa, watautaja mti kwa jina, watasema msuko ule ulisukwa na mwali au na mjane, watajua kilima kile kama bado kipo. Maofisa wa makumbusho wana shahada. Hawa wana majina. Pale penye Wangwana, watumwa walioachwa huru waliokuwa katika msafara, liwepo jina la mmoja wao, Sidi Mubarak Bombay, na itajwe kwamba walioanza safari ile wengi walikimbia au walikufa, waliofika Misri na mabwana wao walikuwa 18.

Na pembeni ya nakala iachwe nafasi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iko kwenye mlango wa pwani wa njia hii hii, na ina wanafunzi wa sanaa za ufundi ambao wengi wao wanajua kuchora bahari na majahazi. Wapandishwe treni hadi Tura wakati majani mapya yanatoka, wapewe karatasi, brashi na ndoo ya maji, wauchore Mgunda Mkali wa leo, na mabani ya tumbaku na nguzo za umeme za reli zikiwemo. Gharama yake ni nauli ya daraja la tatu na posho ya wiki mbili.